Uteuzi wa Viunganishi vya Nyaya za Injini katika Gari Lililoundwa Upya: Dhana, Maamuzi na Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi fundi anavyochagua viunganishi vya umeme anapotandaza nyaya mpya za injini katika gari lililoundwa upya. Uteuzi huo unatumiwa kama kipimo cha hali ya istilahi za Kiswahili katika ufundi wa magari. Gari la aina hii halina mchoro wa kiwandani wa kuigwa. Kila kiunganishi ni matokeo ya uamuzi wa mtu. Makala yanabainisha maamuzi saba: mkondo, udogo wa ishara, joto na mtikisiko, maji na vumbi, jinsia ya temino, mbano, na upatikanaji wa vipuri. Katika kila uamuzi inaoneshwa tofauti ambayo fundi hawezi kuipuuza bila injini kuzimika au waya kuungua, kisha inaulizwa kama Kiswahili cha gereji kina jina la tofauti hiyo. Hoja kuu ni kwamba istilahi za ufundi zinafaa kupangwa kwa kufuata maamuzi ya kazi na si kwa kufuata orodha ya vidahizo vya Kiingereza. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kwa vyombo vya lugha, vya viwango na vya mafunzo ya ufundi katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Gari linapotoka kiwandani, nyaya zake zote zimekwisha kuamuliwa. Wahandisi wamekadiria mkondo wa kila waya, wamechagua viunganishi na wamechora michoro. Hali hubadilika pale gari linapoundwa upya: injini iliyochoka inapotolewa na kupachikwa injini ya gari jingine, gari la kawaida linapogeuzwa kuwa la mashindano, au chasisi inaporefushwa ili gari libebe watalii, kama inavyofanywa mjini Arusha. Hapo nyaya za zamani hazilingani tena na injini mpya. Fundi hulazimika kutandaza nyaya upya, na katika kila mahali ambapo waya unapaswa kuweza kutenganishwa ni lazima aweke kiunganishi.

Kiunganishi ni kitu kidogo na cha bei ndogo kikilinganishwa na injini. Hata hivyo, ndicho sehemu dhaifu zaidi ya mfumo wa nyaya, kwa kuwa ndipo shaba inapokatika na mkondo kulazimika kupita kwenye mguso wa metali mbili. Mguso huo ukilegea, injini inaweza kuzimika gari likiwa katikati ya mteremko wa Kitonga. Ukiongeza ukinzani, plastiki huyeyuka na waya unaweza kushika moto.

Katika gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam, au zile za Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ambayo wengi bado huiita Grogan, maarifa haya hupitishwa kwa mdomo, aghalabu kwa Kiswahili. Vipimo vya watengenezaji, kwa upande mwingine, huandikwa kwa Kiingereza au Kijapani. Kati ya pande hizi mbili yumo mwanagenzi anayeambiwa, “Lete soketi.” Soketi ipi? Neno hilo moja hubeba tofauti nyingi ambazo kazi yenyewe haizichanganyi. Makala haya yanazifuata tofauti hizo moja baada ya nyingine.

2.0 Msingi wa Kinadharia: Dhana Kabla ya Neno

Uhusiano wa istilahi na umeme ni wa tangu mwanzo wa taaluma ya istilahi. Eugen Wüster, ambaye huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa taaluma hiyo, alikuwa mhandisi wa Austria. Kitabu chake cha mwaka 1931 kilihusu usanifishaji wa kimataifa wa lugha katika teknolojia, hasa katika ufundi wa umeme. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, iliyoanzishwa London mwaka 1906, ilitoa toleo la kwanza la msamiati wake wa kimataifa mwaka 1938. Sababu ya haraka hiyo inaeleweka: nchi mbili zikilitumia neno moja kwa vifaa viwili tofauti, kosa lao huonekana kwa moto na moshi.

Msingi uliotokana na mapokeo hayo ni kwamba dhana hutangulia neno. Mwanaistilahi huanza kwa kuuliza ni vitu gani vinavyotofautiana na kwa sifa ipi, ndipo atafute jina. Kwa Kiswahili, kazi nyingi za istilahi zimeanzia upande wa pili: huchukuliwa orodha ya vidahizo vya Kiingereza, kisha kila kidahizo kikatafutiwa kisawe. Njia hiyo imezaa matunda. Maneno kama mkondo, ukinzani na kipitishi yamekita mizizi katika fizikia ya Kiswahili, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni ushahidi wa juhudi hizo. Udhaifu wake hujitokeza pale ambapo Kiingereza chenyewe kina utata, kwa maana utata huo huhamia katika Kiswahili ukiwa umevaa vazi jipya.

Makala haya yanaipa kanuni ya dhana kwanza sura mahususi kwa lugha ya ufundi: kila jambo ambalo fundi analazimika kuliamua ndilo linalohitaji jina lake. Tofauti isiyobadilisha uamuzi inaweza kusubiri. Tofauti inayobadilisha uamuzi ikikosa jina, fundi mzoefu ataibeba kichwani mwake, lakini mwanagenzi hataiona.

3.0 Maamuzi Saba katika Uteuzi wa Kiunganishi

3.1 Mkondo

Uamuzi wa kwanza ni kiasi cha mkondo kitakachopita. Katika injini ya petroli yenye kompyuta, tofauti ni kubwa mno. Nozeli ya petroli yenye ukinzani wa omu 14 huchukua takriban ampea 1 kwenye volti 14. Pampu ya petroli huweza kuchukua ampea 10 au zaidi, na feni ya rejeta ampea 20 au zaidi. Stata huvuta mamia ya ampea, na kwa sababu hiyo haifungwi kwa kiunganishi cha kuchomeka bali kwa kikuku cha shaba na nati.

Hesabu ndogo inatosha kuonesha uzito wa jambo hili. Kiunganishi cha feni kikipata ukinzani wa omu 0.1 tu kwa sababu ya kutu au mbano mbaya, ampea 20 zitapoteza volti 2 hapo, na joto litakalozalishwa litakuwa wati 40. Hiyo ni nguvu ya chuma kidogo cha kulehemia, nayo imefungiwa ndani ya plastiki. Ndiyo maana viunganishi vya feni huonekana vimebabuka hata pale ambapo fyuzi haikukatika: fyuzi hupima mkondo, haipimi joto la mguso.

Watengenezaji hutaja uwezo wa kila temino. Katika familia za viunganishi vya Deutsch zinazotumika sana kwenye malori na mitambo mizito, temino za ukubwa wa 20 hubeba ampea 7.5, za ukubwa wa 16 ampea 13, na za ukubwa wa 12 ampea 25. Inafaa kutambua kwamba namba hizi huenda kinyume: namba ikipungua, temino hukua. Vipimo vya waya vya Kimarekani hufuata mwendo huohuo, ilhali vipimo vya milimita za mraba vinavyotumika Japani na Ulaya huenda mbele. Fundi anayesema “namba kubwa” bila kutaja mfumo anaweza kupewa waya mwembamba. Aidha, uwezo uliotajwa hupungua temino nyingi zikibeba mzigo kwa pamoja, au kiunganishi kikikaa mahali pa joto; kwa hiyo fundi makini huacha nafasi ya akiba.

3.2 Udogo wa ishara

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mkondo mdogo hauna madai. Vihisi, au sensa kama wanavyosema mafundi, hutuma ishara ndogo kwa kompyuta ya injini, na ishara hizo huharibiwa na mambo ambayo feni isingeyajali. Chukulia kihisi cha joto la maji ambacho ukinzani wake ni takriban omu 2,500 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi na takriban omu 320 kwenye nyuzi 80. Kiunganishi kikiongeza omu 100, kompyuta itasoma takriban omu 420 na kuamini kwamba maji yana nyuzi 70 hivi. Itamwaga petroli zaidi ya inayohitajika na kuchelewa kuwasha feni. Dereva ataona gari linakula mafuta, na fundi anaweza kubadilisha kihisi kizima bila tatizo kuondoka.

Hapa ndipo metali ya temino inapohusika. Temino nyingi za magari hupakwa bati, ambayo ni nafuu na inafaa kwa mikondo ya kawaida. Bati hutengeneza utando wa oksidi. Mtikisiko wa injini ukizisugua temino kwa mwendo mdogo usiokoma, utando huo hujirundika katika mguso. Dhahabu haifanyi hivyo, na kwa hiyo hupendekezwa kwa ishara ndogo sana. Kanuni inayoambatana nayo ni kwamba bati ikutane na bati na dhahabu ikutane na dhahabu. Kuzichanganya hupoteza faida ya dhahabu na huweza kuharakisha uharibifu wa bati.

3.3 Joto na mtikisiko

Nafasi iliyo chini ya boneti haina joto moja. Karibu na bomba la moshi hali ni tofauti na ilivyo kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Viunganishi vya familia ya DT vya Deutsch vimekadiriwa kufanya kazi hadi nyuzi 125 za Selsiasi. Viunganishi vilivyokusudiwa kwa ajili ya dashibodi huwa na kiwango cha chini zaidi, hata kama kwa macho vinafanana na vile vya injini. Uamuzi wa kwanza si kununua kiunganishi cha gharama bali kukihamisha mahali: sentimita chache mbali na bomba la moshi huweza kusaidia kuliko plastiki bora.

Mtikisiko hudai mambo mawili. La kwanza ni komeo linaloshikilia makasha mawili yasiachane. La pili ni kizuizi kinachozuia temino isirudi nyuma ndani ya kasha lake. Katika familia ya DT kizuizi hicho ni kipande cha plastiki chenye umbo la kabari, nacho huingizwa baada ya temino zote kukaa mahali pake. Kabari isipoingia hadi mwisho, ni dalili kwamba kuna temino ambayo haijafika. Kwa hiyo kabari ni kifaa cha kushikilia na cha kukagua kwa wakati mmoja. Pia fungu la nyaya lifungwe karibu na kiunganishi, ili uzito wake usiningʼinie kwenye temino.

3.4 Maji na vumbi

Barabara za vumbi, mito ya msimu na mashine za kuoshea magari kwa shinikizo hufanya suala la kuziba kuwa la lazima. Kiwango cha kimataifa cha kinga hutumia herufi IP na tarakimu mbili. Katika IP67, tarakimu 6 humaanisha kwamba vumbi haliingii, na 7 humaanisha kwamba kifaa kinastahimili kuzamishwa majini kwa kina cha mita 1 kwa dakika 30. Wengi hudhani kwamba kinachostahimili kuzama hustahimili pia maji yanayorushwa kwa nguvu. Kiwango chenyewe hakisemi hivyo: majaribio ya maji ya kurushwa yana tarakimu zake, na kifaa chenye 7 peke yake hakijathibitishwa kwa hayo.

Zaidi ya hapo, alama ya IP hutegemea kazi ya fundi. Raba ya kuziba inayozunguka kila waya imetengenezwa kwa unene maalumu wa ganda la waya. Waya mwembamba mno huacha mwanya. Waya mnene mno huichana raba. Tundu lisilotumika lazima lipewe kizibo. Kiunganishi cha matundu 12 kilichotumia nyaya 9 na kuachwa na matundu 3 wazi hakina tena kinga iliyotajwa kwenye karatasi ya mtengenezaji.

3.5 Jinsia ya temino

Mafundi wa Kiswahili hutumia maneno dume na jike kwa mabomba, nati na viunganishi vya umeme. Ni maneno yenye nguvu kwa kuwa hueleweka bila ufafanuzi. Tatizo ni kwamba kiunganishi cha kisasa kina jinsia mbili: ya kasha na ya temino, nazo si lazima zilingane. Katika familia ya DT, kasha la kupokea, lenye namba inayoanza na DT04, lina temino za pini ndani yake. Kasha la kuchomeka, lenye namba inayoanza na DT06, lina temino za tundu. Anayetazama umbo la nje ataliita kasha la kuchomeka dume, kwa kuwa linaingia ndani ya jenzake. Anayetazama temino ataliita jike. Wote wawili wana haki, na hapo ndipo hatari ilipo.

Athari yake haiishii katika kuagiza kipuri kisicho sahihi. Kanuni ya usalama inataka upande unaobaki na umeme wa betri baada ya kiunganishi kuchomolewa uwe na temino za tundu, kwa kuwa metali yake imefichika. Pini zikibaki na umeme, bisibisi iliyoponyoka au waya unaoningʼinia unaweza kuzigusa na kusababisha shoti. Agizo la “weka jike upande wa betri” ni sahihi likihusu temino, na ni kosa likihusu kasha. Maneno ni yaleyale, matokeo yanapingana.

3.6 Mbano

Temino hufungwa kwenye waya kwa kubanwa na si kwa kulehemu. Mbano mzuri hushindilia nyuzi za shaba hadi hewa isipate nafasi ya kupita kati yake, na hivyo kuzuia kutu. Lehemu hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu; pale ugumu unapokoma ndipo mtikisiko unapoukatia. Temino nyingi za magari ya Kijapani zina mabawa mawili-mawili: jozi moja hubana shaba, nyingine hubana ganda la waya ili kubeba mvuto. Temino za mviringo za Deutsch hazina mabawa, nazo huhitaji koleo maalumu linaloziminya kutoka pande nne. Koleo la kazi zote halifai kwa aina zote mbili.

Tofauti kati ya mbano wa shaba na mbano wa ganda haina jina linalotumika kwa uthabiti. Mwanagenzi aliyeambiwa “bana waya” anaweza kubana ganda ndani ya mabawa ya shaba, na waya ukashika vizuri mkononi huku umeme haupiti. Kipimo rahisi ni kuuvuta waya mmoja mmoja baada ya kubana na kukagua kwa macho kwamba ncha ya shaba inaonekana mbele ya mabawa.

3.7 Upatikanaji

Kiunganishi bora ambacho temino zake hazipatikani ni kiunganishi kibaya. Magari mengi ya Afrika Mashariki huingia yakiwa yametumika Japani, na viunganishi vyake, kama vile vya Sumitomo na Yazaki, hupatikana katika magari yaliyokatwakatwa kwa ajili ya vipuri. Fundi anaweza kuvikata vikiwa na mkia wa waya na kuvitumia tena. Faida yake ni bei na kulingana na vihisi vya injini. Hasara ni plastiki iliyochakaa na raba iliyokauka. Viunganishi vipya vya mitambo mizito ni imara zaidi, ila vinadai koleo lake na temino zake. Uamuzi wa busara mara nyingi ni wa kuchanganya: viunganishi vya asili kwenye vihisi na nozeli, na familia moja mpya pale fungu la nyaya linapopita ukuta wa injini. Familia zikiwa chache, vipuri vya akiba na makosa hupungua pia.

4.0 Kiswahili cha Gereji: Kilichopo na Kinachokosekana

Si kweli kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Fyuzi, rilei, stata, altaneta, nozeli, temino na waya ni maneno hai, yanayoeleweka katika mipaka mingi. Kinachokosekana ni mgawanyo wa maana. Plagi humaanisha kifaa cha kuwasha petroli ndani ya injini, kichwa cha waya wa pasi ya nyumbani, na wakati mwingine kiunganishi. Soketi ni tundu la umeme ukutani, ni chombo cha kufungulia nati, na ni kiunganishi kizima au nusu yake. Temino ni kishikio cha nguzo ya betri na pia kipande kidogo cha metali ndani ya kasha. Muktadha huondoa baadhi ya utata huo, lakini hauuondoi pale vitu viwili vinapokuwa ndani ya kifaa kimoja.

Tofauti za kimaeneo zipo pia. Umeme wa Tanzania ni stima kwa Wakenya wengi, na gereji za Rwanda, Burundi na Kongo huchota maneno kutoka Kifaransa. Tofauti hizi hazina madhara makubwa, kwa kuwa neno tofauti kwa kitu kimoja hujitangaza: msikilizaji hushangaa na kuuliza. Hatari zaidi ni neno moja kwa vitu viwili, kwa kuwa msikilizaji hudhani ameelewa.

5.0 Mpangilio Unaopendekezwa

Mpangilio ufuatao unaanza na swali ambalo fundi anajiuliza, kisha unataja istilahi inayohitajika ili jibu liweze kusemwa bila utata. Istilahi zenyewe ni za kujadiliwa; mpangilio ndio msingi.

Jedwali la 1: Maamuzi na istilahi zake

Mkondo ni kiasi gani? — temino (kipande cha metali). Ukubwa wa temino (namba ya mtengenezaji). Unene wa waya (milimita za mraba).

Ishara ni ndogo? — temino ya bati. Temino ya dhahabu.

Mahali pana joto na mtikisiko? — komeo (hushikilia makasha). Kabari (hushikilia temino).

Kuna maji na vumbi? — raba ya kuziba (kwa waya). Kizibo (kwa tundu lisilotumika).

Umeme unatoka upande upi? — kasha la kuchomeka, kasha la kupokea. Temino dume (pini), temino jike (tundu).

Waya unashikwaje? — mbano wa shaba. Mbano wa ganda.

Kitatengenezeka? — familia ya kiunganishi; kiunganishi cha asili; kiunganishi mbadala.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, maneno mengi yanatoka katika hazina iliyopo: kabari, komeo, kizibo na kasha ni Kiswahili cha seremala na cha nyumbani, na maana zake za awali zinaonesha kazi ya kifaa. Pili, maneno ya mkopo kama temino yanabaki kwa kuwa yamezoeleka. Kuyafukuza kungeongeza utata badala ya kuupunguza. Tatu, dume na jike hayatupwi bali yanawekewa mpaka: yatumike kwa temino pekee, na kasha litajwe kwa kazi yake ya kuchomeka au kupokea. Kwa kanuni hiyo moja, agizo la “temino jike upande wa betri” linapata maana moja tu.

6.0 Athari kwa Sera

Huenda ikapingwa kwamba juhudi hizi hazihitajiki, kwa kuwa hati za watengenezaji ni za Kiingereza na fundi wa kesho atazisoma. Hoja hiyo inasahau kwamba Kiingereza chenyewe kina mtego uleule wa kasha na temino. Watengenezaji huuepuka kwa michoro, namba za vipuri na fasili. Ubora huo unatokana na kazi ya usanifishaji, na hakuna kinachoizuia kazi kama hiyo kufanyika kwa Kiswahili. Tena, hata fundi anayesoma Kiingereza humwelekeza mwanagenzi kwa Kiswahili akiwa amelala chini ya gari.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika Ibara ya 137, uliitaja lugha rasmi ya Jumuiya kuwa Kiingereza na ukataka Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano mapana. Ufundi wa magari ni uwanja ambao mawasiliano hayo yapo tayari, kwa kuwa vipuri, magari na mafundi huvuka mipaka. Mapendekezo manne yanafuata.

Kwanza, vyombo vya lugha kama BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, vinafaa kuunda majopo ya istilahi za ufundi yanayokutana karakanani, vifaa vikiwa mezani na mafundi wakiwa wajumbe wenye sauti. Jopo lililoshika kasha la kuchomeka mkononi halitaliita dume bila kusita.

Pili, kila istilahi iandamane na mchoro na swali la uamuzi inalolijibu. Fasili isiyo na mchoro humfaa mtafsiri kuliko fundi.

Tatu, vyombo vya mafunzo ya ufundi vipime istilahi hizi kwa vitendo: mwanafunzi apewe agizo kwa Kiswahili, na usahihi wa kiunganishi alichokifunga uwe kipimo cha mwanafunzi na cha istilahi pia. Wengi wakikosea agizo lilelile, istilahi ndiyo irekebishwe.

Nne, mashirika ya viwango ya nchi wanachama yakitoa miongozo ya usalama wa nyaya za magari, yaitoe pia kwa Kiswahili, yakitumia istilahi zilizokubaliwa kwa pamoja. Kanuni ya temino jike upande wa betri inatosha sentensi moja; kuiacha katika lugha moja ni kuwanyima kinga wale wanaoihitaji zaidi.

7.0 Hitimisho

Uteuzi wa kiunganishi ni mfululizo wa tofauti: mkondo mkubwa na ishara ndogo, komeo na kabari, raba na kizibo, kasha na temino, mbano wa shaba na mbano wa ganda. Fundi mzoefu anazijua zote, hata pale anapoziita kwa neno moja. Ujuzi wake hauna budi kupewa maneno ili uweze kufundishwa, kupimwa na kuwekwa katika kanuni. Istilahi haiwezi kuchukua nafasi ya koleo sahihi wala ya waya wenye unene unaofaa. Inaweza, hata hivyo, kuhakikisha kwamba mwanagenzi aliyetumwa kuleta kifaa analeta kile kilichokusudiwa, na kwamba agizo la usalama haligeuki kuwa chanzo cha ajali. Utafiti zaidi uelekezwe katika mifumo mingine ya gari ambamo neno moja limebeba vitu viwili, kuanzia breki hadi betri za magari ya umeme, ambako volti ni nyingi zaidi na nafasi ya kurekebisha kosa ni finyu.